Mama Mkwe Ndani ya Lifti ya Monaco

Sehemu ya tisa

Mlango ukafunguka, na ndani ya lifti alikuwa amesimama mama mkwe wake.

Hapo ndipo tulipomwacha Mardochée juma lililopita, na nasikia wengine wenu mlikasirika. Poleni. Yeye mwenyewe hakupata hata nafasi ya kukasirika. Nyuma yake watalii kumi na wawili wenye mabegi mgongoni walimsukuma ndani kama gunia la mahindi, na mlango ukajifunga.

Kwa msomaji anayetufikia leo, habari ni fupi. Mardochée anauza vipuri vya malori hapa Lubumbashi. Ni mtu wa viatu vinavyong'aa na maneno yanayong'aa zaidi. Mkewe, Chancelvie, ana mimba ya miezi minane, naye alimwambia wazi asiende mbali kabla ya kujifungua: "Mbele mutoto azaliwe, usivuke Kipushi." Mardochée akaomba ruhusa moja tu, ya siku tano, aende Pweto, kando ya ziwa Mweru, kutafuta samaki wakavu kwa ajili ya sherehe ya mtoto. "Kule réseau hakuna, mapendo, simu haishiki, usihangaike nikinyamaza." Mke akakubali. Mume akapanda ndege na wateja wenzake wa kampuni fulani ya vipuri, ambayo ilikuwa imewaandalia matembezi ya pwani, na huyoo, mpaka Monaco.

Ndiyo, Monaco. Ni nchi kamili. Ina bendera, ina jumba la mtawala, ina askari wanaobadilishana zamu adhuhuri huku watu wakipiga picha, na vyote hivyo vimewekwa mahali ambapo sisi tungeweka mtaa mmoja tu, commune ya Kamalondo, na labda uwanja wa mpira. Ukipiga chafya mpaka wa mashariki, mtu wa mpaka wa magharibi anakutakia afya.

Wenyeji wake wana mali kiasi kwamba mashua zao hazivui samaki. Huko Pweto mashua isiyoleta samaki huitwa kuni. Kule Monaco inaitwa yoti, na kila asubuhi inaoshwa na watu watatu waliovaa nguo nyeupe. Tena nchi yenyewe imebandikwa kwenye mlima kama stempu, basi wamechimba lifti za barabarani, za bure, zinazopandisha watu kutoka bandarini hadi mitaa ya juu. Huo ndio utajiri, ndugu zangu. Hata kilima wanapandishiwa.

Mardochée alikuwa amepiga picha arobaini mbele ya yoti za watu. Alitaka moja ya mwisho, kutoka juu. Na katika lifti zote za nchi hiyo, akachagua ile yenye Mama Madeleine.

Sasa, Mardochée ni Mkasai, mtu wa Kasai, na msomaji ambaye si Mkasai atauliza: basi si angemsalimu tu?

Amsalimu! Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawapitani njiani. Ukimwona mamwenu, yaani yule mama aliyekuzalia mke, anakuja upande wa kushoto, wewe unakumbuka shughuli upande wa kulia. Si chuki, ni heshima. Mama mkwe ni kama jua la saa sita: unajua lipo, lakini hulikodolei macho. Kwa miaka mitatu ya ndoa Mardochée hakuwahi kuona uso wa Mama Madeleine. Alimjua kwa kitambaa cha kichwa, kwa kikohozi na kwa kivuli.

Lubumbashi ina nafasi ya heshima hiyo. Kuna kona, kuna kuta, kuna mlango wa nyuma. Lakini ndani ya lifti utakwenda wapi?

Mardochée akafanya kama kijana aliyelelewa vizuri. Akageukia ukuta, akavuta koti lake la kitani juu ya kichwa. Mama Madeleine naye, kwenye kona ya pili, akapandisha shali mpaka chini ya macho. Watalii kumi na wawili wakatazama mtu asiye na kichwa na mama asiye na uso. Mlango ulipofunguka juu, walitoka kwa haraka ambayo hawakuwa nayo walipokuwa wakiingia.

Wakabaki wale wawili.

Kwa nini hawakutoka? Lo, atoke nani kwanza? Mkwe hawezi kupita mbele ya mama mkwe kana kwamba amepita mbele ya jiwe. Na mama mkwe hawezi kutembea na mgongo wake wote mbele ya macho ya mkwe. Kila mmoja akamngojea mwenzake. Mlango ukangoja kidogo, ukachoka, ukajifunga. Lifti ikashuka.

Chini, hali ile ile. Ikapanda. Juu, hali ile ile. Ikashuka. Bara zima lenye adabu lilikuwa likipanda na kushuka ndani ya sanduku la vioo, na hakuna aliyejua kulitoa.

Safari ya nne ya kupanda akaingia bibi mmoja mwembamba wa mji ule, mwenye nywele kama pamba ya sukari. Mkono mmoja alibeba kikapu cha sokoni. Mkono wa pili alibeba mbwa mdogo aliyevaa koti. Koti, jamani, na jua linawaka.

"Baron, wasalimu watu," bibi akasema kwa Kifaransa.

Mama Madeleine akakohoa. Mardochée akakijua kikohozi hicho. Kilikuwa kikohozi cha hukumu.

Maana desturi haikatazi kusema. Inakataza kusema moja kwa moja. Mkwe na mama mkwe wanatafuta mtu wa katikati, na maneno yanapita kwake. Lakini yule bibi hakujua hata neno moja la Kiswahili. Basi Mama Madeleine akamchagua aliyeonekana kuwa na masikio.

"We kambwa," akasema, macho yake kwenye pua ya Baron. "Umuulize ule baba wa mu kona: Pweto njo hii?"

Koti la Mardochée likavutwa chini kidogo. Kisha: "Kambwa, umujibie mama, kwa heshima yote. Hapana. Hii haiko Pweto."

"Aa! Shi unaona, kambwa. Mi niliona ile mayi yote, nikasema kumbe lac Mweru inafika mpaka huku. Umuulize tena: samaki ya mutoto wangu iko wapi?"

"Umuambie mama, samaki... ingali ndani ya mayi."

"Ingali ndani ya mayi! Na ye iko ndani ya koti!"

Baron akapiga miayo. Bibi yake akatabasamu kwa huruma. "Mnamwombea? Ni vizuri sana. Amekuwa na shida ya tumbo." Juu mlango ukafunguka na kufungwa, naye akabaki ndani asije akakatiza maombi.

Mardochée alikuwa amebanwa, na mtu aliyebanwa akili yake hufunguka. Akajiuliza jambo ambalo wewe msomaji umekuwa ukilipigia kelele tangu ukurasa uliopita. Mama huyu naye anafanya nini hapa?

"Kambwa," akasema taratibu, "na mi niko na kaulizo kamoja. Umuulize mama: Lourdes njo hii?"

Lifti ikashuka mpaka chini, na Mama Madeleine akapandisha shali kidole kimoja zaidi.

Kwa sababu Mama Madeleine alikuwa ameondoka Lubumbashi pamoja na mama sita wa parokia, kwenda kuhiji Lourdes. Mtaa mzima ulimpa mishumaa na maombi. Alikuwa aombe kwa ajili ya Chancelvie, ajifungue salama. Leo ilikuwa siku ya tatu, siku ya kufunga chakula na kupiga magoti mbele ya pango la Bikira. Lakini binti wa dada yake anakaa Nice, na binti huyo alikuwa amemwambia, "Mama mudogo, treni ya usiku iko, unafika kwangu asubuhi, Monaco ni karibu, unarudi na treni ya usiku." Mishumaa akawaachia wenzake. Magoti pia.

"Kambwa," Mama Madeleine akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imepungua kilo kadhaa. "Umuambie Bikira iko kila pahali."

"Mpaka ku casino?"

"Kambwa! Umuambie achunge kinywa yake! Mi nilipita tu inje. Niliangalia tu bile mulango inazunguka."

Juu mlango ukafunguka kwa mara ya tano. Mbele yake walisimama maafisa wawili wa polisi, nguo zimepigwa pasi hata kwenye viwiko.

Niliwaambia ni nchi ndogo. Sikuwaambia kwamba ina kamera nyingi kuliko miti. Na kamera haijui mkwe, haijui heshima. Kamera ilikuwa imeona mwanamke mzee aliyejificha uso kwa hofu, na mwanamume mwenye koti kichwani aliyemngoja kwenye kona, safari tano mfululizo. Wewe ungekuwa kamera ungefikiri nini?

"Bwana," afisa mkubwa akasema, kwa adabu ya kutia baridi, "tafadhali ondoa koti kichwani."

"Siwezi, mkubwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya huyu mama. Hapaswi kuniona uso."

Afisa wa pili akafungua daftari lake.

"Na wewe unamjua mama huyu?"

"Sana! Ila sijawahi kumwona. Miaka mitatu namkimbia."

"Miaka mitatu unamkimbia," afisa akarudia, "na leo umepanda naye lifti mara tano."

Mardochée alikuwa akizama kwa Kifaransa safi kabisa. Wakatolewa wote kwenye baraza la juu, yeye akitembea kinyumenyume, mama akitembea kiubavu kama kaa, bibi wa mbwa akifuata kwa sababu siku yake ilikuwa imekosa burudani.

"Mama," afisa akainama, "mtu huyu anakusumbua? Unamjua?"

Mama Madeleine akatazama angani.

"Sijaona mtu," akajibu.

Na hakusema uongo! Hiyo ndiyo shida ya watu wa kanisa, wanadanganya kwa kweli.

Pasipoti ya Mardochée ilikuwa hotelini, upande wa Ufaransa. Kiongozi wao wa matembezi alikuwa na kundi lake mbele ya matangi ya papa, na simu yake ilikuwa imezimwa. Kilichokuwepo ni kadi ya plastiki ambayo kampuni iliwatundikia shingoni kama watoto wa gardienne, shule ya chekechea. Afisa akaisoma. Jina. Hoteli. Na chini: mtu wa kujulishwa kukitokea jambo, Chancelvie, mke, na namba.

"Kadi yoyote inaweza kuokotwa," afisa akasema. "Lakini tusikusumbue. Tutampigia mkeo sasa hivi, atuthibitishie kwamba mumewe yuko Monaco."

Msomaji, kaa chini.

Chancelvie si mwanamke wa kelele. Alikuwa amemsamehe Mardochée uongo wa Likasi, uongo wa mazishi ya mjomba ambaye bado yu hai, na uongo wa pikipiki. Wa nne alimwekea bei mapema, akiwa ameketi na mkono juu ya tumbo: "Nikikukamata tena, mutoto atazaliwa kwa mama yangu, na jina atapewa ya kwetu." Jina la kwao! Mardochée alikuwa na jina la marehemu baba yake, Laurent, alilolitunza tangu siku ya harusi. Kwa Mkasai, baba asiyempa mtoto wake jina ni kama mpangaji tu.

Afisa akatoa simu. Akabonyeza namba ya kwanza.

Katika nchi nzima, kubwa kama ilivyo, palikuwa na mtu mmoja tu wa kumwokoa, naye alikuwa akitazama mawingu.

"Kambwa!" Mardochée akapiga goti mbele ya Baron. "Kambwa, nakuomba, umuambie mama anione! Mara moja tu!"

"Kambwa," Mama Madeleine akajibu papo hapo, kana kwamba alikuwa amelitayarisha tangu chini, "umuulize: mbuzi yangu iko wapi?"

Hapo ndipo penyewe. Kizuizi cha mama mkwe kina ufunguo. Mkwe akileta mbuzi, mbuzi wa kusimama kwa miguu yake, mama anafungua macho, anamtazama kijana, wanaweza kuzungumza kama watu. Miaka mitatu Mama Madeleine anangoja mbuzi. Miaka mitatu mbuzi anakuja mwezi ujao.

"Anasema nini?" afisa akauliza.

"Anazungumza na Baron," bibi akaeleza kwa fahari.

Mardochée akachungulia chini ya koti. Monaco ina magari yanayolala ndani ya vioo. Ina bustani yenye miiba kutoka majangwa yote ya dunia. Ina papa ndani ya jengo na pweza kwenye tangi. Mbuzi, hata wa dawa, hakuna. Wamekusanya kila kitu duniani, wakamsahau mnyama wa maana.

Afisa alikuwa kwenye namba ya nane.

Macho ya Mardochée yakaangukia kikapu cha bibi. Ndani ya kikapu, juu ya majani ya saladi, palikuwa na kipande cheupe cha mviringo kilichofungwa kwa karatasi. Na juu ya karatasi palichorwa mnyama mwenye ndevu.

Akavua skafu yake ya hariri, ile ya kupigia picha. "Bibi, tafadhali. Hii kwa Baron. Hiyo jibini kwangu."

Bibi akaipapasa hariri, akamtazama Baron, akaona itamkaa vizuri. Biashara ikaisha kabla ya namba ya kumi.

Mardochée akaiweka jibini chini, akaisukuma kwa mikono miwili mpaka karibu na viatu vya mama mkwe wake, kichwa chake kimeinama.

"Kambwa," Mama Madeleine akasema, "ule muntu anatuma nini?"

"Fromage, mama. Ya mbuzi."

"Iko na miguu?"

"Miguu ine. Inasimama."

"Ndevu?"

"Iko nazo."

"Inalia?"

Mardochée akasita. "Ililia, mama. Mbele ya kuwa fromage."

Maafisa wawili wa Monaco walisimama wakitazama mazungumzo hayo, simu imeshikwa hewani, na nadhani chuo chao hakikuwahi kuwafundisha sura hii.

Mama Madeleine akainama, akaichukua, akainusa. Uso wake ukakunjamana chini ya shali.

"Umuambie hii ni mukia tu. Mbuzi muzima nitamungojea ku Lubumbashi."

Kisha akashusha shali.

Mardochée akashusha koti.

Ulikuwa uso wa Chancelvie, umeongezewa miaka thelathini na miwani. Nafasi ile ile ndogo kati ya meno ya mbele. Alikuwa ameogopa uso huo kwa miaka mitatu, na kumbe kila asubuhi alikuwa akiamka kando yake.

Mama Madeleine naye alimkagua kuanzia nywele mpaka viatu, bila haraka, kama mtu anayechagua kitenge.

"Kumbe uko na masikio makubwa bile," akasema, moja kwa moja, bila mbwa. "Chancelvie aliniambia uko muzuri. Mapendo ni kintu."

Akamgeukia afisa, na Kifaransa chake kikasimama wima. "Huyu ni mtoto wangu. Ameoa binti yangu. Hana akili, lakini si mwizi."

Afisa akafuta namba kwenye simu. Akapiga saluti, akaomba radhi, akawatakia matembezi mema. Bibi akamfunga Baron skafu, wakaondoka wote wawili wamependeza.

Mardochée akavuta pumzi. Ameokoka!

Ameokoka nini? Mtu huyu hafikirii mbali. Ukuta uliokuwa ukimzuia mama mkwe kumwona ndio uliokuwa ukimficha. Ameubomoa mwenyewe, kwa jibini.

"Mukwe," Mama Madeleine akasema, wakiwa wamekaa kwenye benchi juu ya bandari. "Mbele sikukuona, sikuwa na cha kusema. Sasa nimekuona. Na mi nikiona kintu, nasema."

"Mama, nakuomba."

"Mutoto wangu iko na mimba ya mwezi munane. Anafikiri unalala mu nyumba ya majani, unaumwa na mbu. Na we uko unafanya masura ya foto mbele ya mayoti ya bantu!"

"Mama iko na haki." Mardochée akameza mate. "Na tena, bamama ba parokia ku Lubumbashi beko banafikiri mama iko anafunga."

Mama Madeleine akatazama jibini iliyokuwa mkononi mwake. Karatasi ilikuwa tayari imefunguliwa.

Chini yao yoti moja ilikuwa ikigeuka taratibu, kama tajiri kitandani.

"Pweto ilikuwa na joto?" mama akauliza mwishoni.

"Sana, mama. Na Lourdes?"

"Baridi. Ya magoti."

Akakata jibini vipande viwili kwa ufunguo wa nyumba, akampa kimoja. Mkwe na mama mkwe wakala pamoja, benchi moja, mbele ya nchi nzima. Wakakubaliana bila kuapa. Kila mtu angerudi nyumbani kana kwamba anatoka alikosema amekwenda.

Amani hiyo, msomaji, ilidumu muda wa kutafuna.

Simu ikalia ndani ya mkoba wa Mama Madeleine. Chancelvie. Mama, ambaye sikio lake la kushoto limechoka, akaweka sauti kubwa.

"Mama!" Haikuwa sauti, ilikuwa kitu kilichochanika. "Mama, Mardochée alikufa! Alikufa ku mayi!"

Mardochée akaacha kutafuna.

Jana mtumbwi ulipinduka kwenye ziwa, Pweto. Chancelvie alipokosa habari za mumewe alimtuma kaka yake, Osée, ambaye alikuwa tayari Kilwa, mji mwingine wa ziwa hilo, kwa kazi zake. Osée akafika asubuhi, akauliza kila mahali. Hakuna mvuvi aliyemwona mtu wa Lubumbashi mwenye viatu vya kung'aa. Hakuna nyumba ya wageni iliyoandika jina lake. Lakini ufukweni paliokotwa kiatu kimoja cha ngozi.

"Osée anakijua, mama! Anasema njo yake! Analia tangu asubuhi!"

Mardochée akatazama miguu yake. Viatu vilikuwa viwili.

Nyuma ya sauti ya Chancelvie kulikuwa na watu. Lubumbashi haichelewi kwenye matanga. Hema lilikuwa limesimama, viti vya plastiki vimekuja, mama wamekaa kwenye mikeka, na ndugu mmoja wa marehemu alikuwa tayari anauliza funguo za duka ziko wapi, kwa huzuni kubwa.

"Bananiambia ninyamaze juu ya mutoto," Chancelvie akasema. "Nitanyamaza namna gani, mama? Nilimukatalia safari zote. Nilimupa ruhusa ya moja tu, na njo ile imemuua. Ni mi nilimutuma. Samaki! Nani alikuwa na lazima ya samaki?"

Kisha akalia, na hakukuwa na neno tena ndani yake.

Mama Madeleine akafunika simu kwa kiganja.

"Sikia," akanong'ona. "Ukisema sasa, tumekwisha bote babili. Ngojea kesho. Kesho mutu atapiga simu, aseme ulionekana mu kisiwa, uko muzima. Atafurahi mpaka asahau kuuliza. Siku moja tu, Mardochée. Analia siku moja, kisha basi. Na jina ya baba yako inabaki."

Ulikuwa mpango mzuri. Nimeugeuza kila upande, sijaona tundu. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kwenye benchi, kutazama bahari ya matajiri, na kumwacha mkewe aomboleze usiku mmoja, na mtoto wa miezi minane akiomboleza ndani yake.

Nimemsema vibaya mtu huyu kwa majuma tisa, na sijutii hata neno. Lakini haki ni haki. Mardochée aliichukua simu.

"Chancelvie. Ni mi. Niko muzima."

Kule Lubumbashi kiti kimoja cha plastiki kikaanguka.

"Mama?" Chancelvie akauliza, pole pole. "Mama, shi uko ku Lourdes? Mbona sauti ya Mardochée inatoka ku Lourdes?"

"Hapana, sikia, mi niko ku Mona..."

"MUUJIZA!"

Nani alianza? Hakuna ajuaye. Mama mmoja kwenye mkeka, labda. Vigelegele vikalipuka, mtu akaanzisha wimbo, ngoma ya matanga ikageuka ngoma ya Pasaka bila kubadilisha mpigaji. Amezama Mweru, amefufuka Lourdes! Mara tatu Mardochée alipiga kelele, "Monaco! Niko Monaco!" na mara tatu parokia ikamjibu, "Aleluya!"

Kisha sauti nzito ikaichukua simu. Ilikuwa sauti ya padri mwenyewe.

"Mama Madeleine, usitoke hapo mbele ya pango! Tumeita kwa video. Fungua, mama. Watu wote wako hapa, tunataka kumwona kwa macho."

Kioo cha simu kikawaka. Kitufe cha kijani, kitufe chekundu.

Mama Madeleine akageuka nyuma. Pango halikuwepo. Kulikuwa na yoti yenye muziki, na juu yake wasichana wanne ambao, tuseme tu, hawakuvaa kwa ajili ya hija. Akageuka upande mwingine akaona paa la kasino.

"Nyekundu," akasema. "Mukwe, nyekundu!" Na kidole chake kikaenda.

Mardochée akamshika mkono mama mkwe wake. Hakuna mbuzi duniani anayefungua hilo. Kwa mkono wa pili akabonyeza kijani.

Uso wa Chancelvie ukatokea, umevimba, kitambaa cheusi kimepinda kichwani. Nyuma yake kulijaa vichwa. Akamtazama mumewe kwanza, kwa muda mrefu, kila sehemu, kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto mchanga. Akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha macho yake yakasogea taratibu juu ya bega la Mardochée. Yakaona bahari. Yakaona yoti. Yakaona mama yake, na jibini mdomoni.

Chancelvie si mjinga. Kicheko kikakauka.

"Mardochée," akasema, na nyuma yake parokia nzima ikasogea ili isikie. "Jina ya mutoto, sasa sikia vizuri, jina ya mutoto ni..."

Hakumaliza. Akashika tumbo lake kwa mikono miwili, na simu ikaanguka. Kutoka Monaco, mkwe na mama mkwe hawakuona tena kitu ila turubai la hema la matanga, na kiatu cha padri kikikimbia.